Unayeshushia gari uani, weka msumeno chini!

NDUGU msomaji, wewe kijana wa Sinza, wa Tabata, wa Tandika na wa Mwananyamala, leo nazungumza na wewe uso kwa uso. Wakubwa nawapumzisha kidogo, ingawa nao watapata lao humu humu ndani, maana hakuna jambo la barabara katika mji huu ambalo unaweza kulisema ukawaacha wao nje. Nataka tuzungumze kuhusu mchuma wako. Sizungumzii injini, wala lile spika ulilofunga kwenye buti linalotikisa mabati ya majirani. Nazungumzia zile springi nne zilizobeba gari, ambazo wewe na washikaji zako mmekaa kikao mkaamua kwamba Jumamosi mtazipunguza ili gari lilale.

Najua unachosema moyoni. Unasema mzee huyu ana wivu, hana gari, anapanda daladala kisha anakuja kutuandikia. La hasha! Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na Corolla nikalishusha kwa mikono yangu, uani kwa baba mdogo, na gari lililolala vizuri linapendeza. Anayebisha ni mnafiki. Lile pengo juu ya tairi linalofanya gari lionekane kama mtu aliyevaa suruali fupi linapotea, na kwenye kona gari halipepesuki tena kama mlevi. Kwa hiyo sikuandikii ili nikukataze. Nakuandikia kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu, jina lake nalihifadhi, ambaye mpaka leo anatafunia upande mmoja wa mdomo.

Kijana huyo aliuza vifuniko vya simu Kariakoo kwa miaka minne mpaka akapata gari dogo la Kijapani, mtumba, na ushuru akalipa kama raia mwema. Likapendeza, ila likawa juu. Akashauriwa na wenzake: kwa nini ununue springi wakati msumeno wa chuma upo nyumbani? Jumapili asubuhi wakalipandisha kwa jeki ileile iliyokuja na gari, wakapanga matofali, wakachomoa shokapu ya mbele nzima nzima na springi yake. Mpaka hapo Mungu alikuwa bado anawatazama kwa huruma. Kisha akaisimamisha shokapu katikati ya miguu yake, akaifunga springi kwa waya, ule ule wa kufungia nondo, akainama, akaanza kufungua nati ya juu.

Ndugu yangu, ulisikika mlio kama wa bunduki. Waya ulikatika kama uzi wa kushonea. Kisahani cha juu kilimpata kwenye taya. Meno yaliokotwa kwenye mchanga, na mama yake akauza friza aliyokuwa akiuzia barafu ili bili ya hospitali ilipwe. Wale washikaji waliokuwa wanamwambia "fungua, haina noma" walionekana siku ya kwanza tu.

Sasa hebu tujiulize. Kijana huyu alikuwa mjinga? Hapana. Alimaliza kidato cha nne, hesabu za biashara anazipiga kichwani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia springi ni kitu gani, na yeye aliona aibu kuuliza. Aibu ya kuuliza ndiyo inayotumaliza sisi wanaume wa mjini.

Springi si chuma kilichokaa kimya. Magari mengi madogo tunayonunua kwa mbele yana ule mpango wa springi kuizunguka shokapu, uliobuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, ukaingia kwenye magari ya Ford mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni mpango mzuri, rahisi, hauli nafasi. Lakini maana yake ni kwamba hata ukiichomoa shokapu ukailaza sakafuni, springi bado imebanwa kati ya visahani viwili, na kinachoizuia isiruke ni nati moja tu pale juu katikati. Moja!

Tupige hesabu ya darasa la saba. Chukua springi ambayo kila ukiiminya milimita 1 inataka uzito wa kilo 2 na nusu. Hiyo si ya lori, ni ya gari la kawaida kabisa. Kama imebanwa sentimita 8, basi inasukuma kwa nguvu ya kilo 200. Ukiiachia ghafla, kishindo chake ni sawa na nyundo ya kuvunjia mawe ya kilo 8 iliyoangushwa kutoka urefu wa mita 1. Sasa weka taya lako pale nyundo inapotua. Waya wa nondo utafanya nini hapo?

Dawa yake ipo na wala si siri. Inaitwa kibanio cha springi: skurubu ndefu mbili zenye kulabu, unazipachika pande mbili zinazotazamana, unazikaza kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, kwa mkono na si kwa mashine ya upepo, mpaka springi ijikunje na kuacha kusukuma visahani. Ukiitikisa kwa mkono ikacheza, hapo ndipo unagusa nati ya juu, na unapoigusa shokapu iwe imelala imeelekea ukutani, si imeelekea kidevuni mwako. Kibanio kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya gereji na kinaazimwa na mafundi wenye roho nzuri. Ukilinganisha na zile rimu ulizonunua kwa mkopo, bei yake ni ya kuchekesha.

Lakini kibanio ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni huo msumeno.

Wapiga debe wa msumeno wana hoja yao, nami nitawatendea haki. Wanasema springi ni springi, ukikata mzunguko mmoja gari linashuka na linakuwa gumu kidogo, unataka nini zaidi? Ni kweli. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata 1, iliyobaki inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Utatoka nalo barabarani, utalipenda, utapiga misele Jumamosi nzima. Ngoja sasa tairi lidondoke kwenye shimo, na hapa mjini mashimo hayakosekani. Tairi likidondoka, shokapu inajivuta mpaka mwisho wake. Springi nzima ina urefu wa kutosha kuifuata, iliyokatwa haina. Inalegea, inatoka kwenye kikombe chake, na tairi linaporudi juu inakaa upande. Kwenye gari lenye ekseli moja ya nyuma, ambako springi mara nyingi imekaa peke yake mbali na shokapu, inaweza hata kuchomoka ikaanguka barabarani. Hiyo si hadithi ya kutishia watoto. Na ncha uliyoikata haikutengenezwa ikae bapa kwenye kikombe, kwa hiyo inakwangua rangi, kutu inaingia, na siku moja chuma kinapasuka.

Wapo pia wale wa gesi. Hao wanaona msumeno ni kazi ngumu, wanaleta mchomeleaji, anaipasha springi moto ikiwa garini mpaka inywee yenyewe. Ubishi wa springi, ule wa kurudi kila inapokandamizwa, ulipatikana kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukiuchoma moto wa uchochoroni umeufuta. Itaendelea kunywea kila wiki, upande mmoja zaidi ya mwingine, mpaka gari likae kama kuku aliyevunjika mguu.

Springi ya kushushia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni kitu kingine. Ni fupi lakini imepigiwa hesabu isilegee tairi likidondoka. Ni ngumu zaidi ili safari fupi iliyobaki isiishe kwa kishindo. Ncha zake zinakaa mahali pake. Nyingi zinashusha milimita 25 hadi 40, na zinauzwa kwa jina la gari na mwaka wake, si kwa kukadiria kwa macho. Wajerumani wanazo Eibach na H&R, Wajapani wanazo Tein na RS-R. Ukienda Ilala au Gerezani kutafuta za mtumba, usiangalie rangi tu, maana rangi ya kopo haina shahada. Angalia namba zilizochapwa zifanane pande zote mbili, angalia kutu na nyufa, hesabu mizunguko. Na uangalie ncha: kama imekatwa kwa mashine, mwenzako amekuuzia msumeno wake.

Tuseme umezipata. Kazi yenyewe mnaweza kuifanya uani, sikatai, ila si kwenye mchanga. Tafuta sakafu ngumu. Legeza nati za tairi kabla hujapandisha gari. Zuia tairi zinazobaki chini zisibingirike. Jeki ni ya kupandishia, si ya kulalia chini yake. Gari likae kwenye stendi za chuma, mahali pale ambapo kitabu chake kinaonyesha. Tofali la saruji linabeba gari vizuri kabisa mpaka dakika linapopasuka, na halipigi hodi kabla ya kupasuka. Nimezika mtu kwa ajili ya tofali, sitaki kulirudia hilo.

Fungua upande mmoja, upande wa pili uache uwe kitabu chako cha kukopia. Piga picha kwa simu kila hatua. Bolti zinazoshika shokapu kwa chini ziwekee alama ya rangi kabla hujazigusa, maana kwenye magari mengi ndizo zinazoamua tairi lisimame wima au lilale. Breki usiiache ininginie kwenye hosi yake. Ifunge kwa waya, na hapo ndipo ule waya wa nondo una kazi yake ya halali. Springi mpya ikae sawasawa kwenye ngazi ya kikombe chake. Ule mpira mdogo ulio kwenye fimbo ya shokapu usiukate kwa sababu tu umesikia wenzako wanaukata. Kata kama karatasi iliyokuja na springi inasema, na kwa kipimo inachosema. Nati ya juu weka mpya. Na bolti zinazopita kwenye bushi usizikaze moja kwa moja gari likiwa limening'inia. Shusha gari likae kwa miguu yake kwanza, ndipo ukaze, la sivyo bushi zitakaa zimejipinda maisha yao yote, na maisha yenyewe yatakuwa mafupi.

Shokapu zako zikiwa zimechoka, springi mpya utakuwa umezitupa. Springi ngumu inataka shokapu yenye nguvu ya kuituliza, vinginevyo gari linarukaruka kama mbuzi. Halafu alaimenti. Gari likishuka tairi hubadilika pembe, mara nyingi hulala kwa ndani, na usipopima utashangaa tairi mpya zimekwisha upande wa ndani huku wa nje zina kashata nzima. Lizungushe kwa siku chache springi zikae, kisha kapime.

Sasa turudi kwa wakubwa niliosema watapata lao.

Vijana kushusha magari si ugonjwa ulioanzia Sinza. Huko Marekani, vijana wa Kimeksiko wa Los Angeles walikuwa wakikata springi na kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti ili magari yalale. Mwaka 1958 jimbo la California likaanza kutumia sheria ya kukataza gari lililobadilishwa kuwa na sehemu iliyo chini ya ukingo wa rimu. Polisi wakapata kazi. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette lake la 1957: akitaka analilaza, akimwona polisi analipandisha. Sheria ilimkuta amesimama juu! Wenzetu walibanwa wakajibu kwa ufundi. Ujerumani nako ukibadilisha springi, zinakuja na hati, unapeleka gari kwa mkaguzi, anakuambia sawa au si sawa, mambo yamekwisha.

Na hapa kwetu? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima lisihatarishe watu, na mimi nasema ni haki. Lakini kijana aliyefanya kazi yake kwa akili, mwenye risiti ya springi na karatasi ya alaimenti mkononi, anakutana na nani? Anakutana na askari jua kali, ambaye hachungulii chini ya gari wala haulizi hiyo karatasi. Anatazama gari limelala, anamtazama kijana, anauliza, "Sasa tunafanyaje?" Na yule aliyekata kwa msumeno anaulizwa swali hilohilo, kwa bei ileile. Wote wawili wanapita. Sasa niambie, huyo mwenye msumeno atakuwa na sababu gani ya kununua springi za kweli? Kama ukaguzi ungekuwa ukaguzi, msumeno ungeisha wenyewe. Tunadai hilo, na wala si upendeleo: mahali pa kupeleka gari lililobadilishwa, likapimwa na anayejua, kijana akapewa jibu kwa maandishi, na pesa ikaenda serikalini badala ya mfukoni.

Halafu matuta. Mkubwa ndani ya shangingi, siku hizi wanaita V8, anapita juu ya tuta akisoma gazeti na chai yake haimwagiki. Yeye atajuaje kwamba tuta lililomwagwa usiku bila rangi wala kibao ni mtego? Gari la saloon lina nafasi ya sentimita 14 hadi 16 hivi chini ya tumbo. Lishushe sentimita 4, pakia washikaji watatu na mwenye gari wa nne, halafu likutane na tuta la sentimita 10. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe kabla sampo ya oili haijakufanyia. Na masika yanakuja kila mwaka; Jangwani imefunga njia miaka mingi, na gari lililolala linaanza kunywa maji wakati jirani yake bado anapita.

Kwa hiyo mimi nasema milimita 30 zinatosha. Wapo watakaonicheka kwamba hizo ni za wazee, nami nawaambia wakapime njia yao ya kila siku kwa macho kabla ya kupima gari kwa futi. Kama unakaa ndani ndani huko Kimara kwenye mlima wa vumbi na mawe, mdogo wangu, gari liache juu. Weka hela kwenye shokapu na tairi nzuri, utaona gari lilivyo tamu bila kuligusa urefu. Na kama una bima kubwa, waulize kwanza wenye bima kabla ya kubadilisha chochote, wakujibu kwa barua. Kwa mdomo watakukana siku ya ajali.

Wengi mnaniambia, "Braza, sisi hatuna hela ya springi za Mjerumani, wewe unaandika mambo ya wenye nazo." Hilo nalisikia sana na linaniuma, kwa sababu gari lako ukilinunua limezidi miaka 10 unatozwa ushuru wa ziada juu ya ushuru, ukimaliza kulitoa bandarini umebaki na funguo na madeni. Lakini mtu asiye na hela ya springi ana hela ya meno? Yule kijana wa mtaani kwetu alitaka kuokoa bei ya springi nne. Gari lake aliliuza likiwa bado juu ya matofali, kwa bei ya chuma chakavu, na springi aliyotaka kuikata ilikwenda nalo ikiwa nzima.

Kibanio changu ninacho mpaka leo, kimepakwa grisi, kipo chini ya kitanda. Wanaonijua wanajua ninapokaa. Anayetaka kuazima aje mchana, aje na kitambulisho akiache, na aje na mwenzake wa kumshikia shokapu ambaye hajanywa. Wa mwisho alikaa nacho miezi miwili na akakirudisha kulabu moja imepinda, huyo asije.